Chanjo na Njia Yake: Chembe za Polima, Kuku na Milima ya Uluguru

Kutoka njia panda ya Sangasanga, pale ambapo barabara ya Mgeta huiacha ile iendayo Iringa, hadi Langali na Nyandira si mwendo mrefu kwa kipimo cha ramani. Kwa kipimo cha barafu iliyomo katika kisanduku cha chanjo, mwendo huo ni mrefu mno. Gari hupanda kwa kujikongoja pembezoni mwa makorongo. Njia ya gari ikiisha huanza njia ya pikipiki, na hiyo nayo ikiisha huanza njia ya miguu, iliyochongwa katika mteremko ambao mgeni huogopa kuutazama. Nyumba zimetawanyika, moja juu ya kilima hiki na nyingine ng'ambo ya kijito, na kila nyumba ina kuku wake. Barafu iliyotoka mjini asubuhi ikiwa ngumu, jioni ni maji ya vuguvugu.

Hali hiyo yafaa ikumbukwe kila wataalamu wanapozungumza juu ya chembe za polima zibebazo dawa na kuiachia mwilini kidogo kidogo. Habari za chembe hizo husimuliwa aghalabu kama habari za maabara za nchi tajiri, zenye fedha za kuchezea vitu visivyoonekana kwa macho. Hoja ya makala haya ni kwamba sayansi ya chombo kibebacho dawa ina kazi kubwa Morogoro kuliko Boston. Kwamba kazi hiyo imekwisha kuanzwa papo hapo Morogoro, na Watanzania wenyewe. Na kwamba haitamfaa mwananchi mpaka ipimwe mahali barafu inapoishia.

Kuku na mdondo

Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa na wanasayansi mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ambao jina lake ndilo lililopewa ugonjwa huo katika vitabu vya kigeni. Huletwa na virusi. Kuku huzubaa, manyoya humsimama, huharisha kinyesi cha rangi ya kijani, hupumua kwa taabu. Wengine hupinda shingo au kupooza mabawa na miguu. Hauna tiba. Ukiingia katika banda la kuku wasiochanjwa, huweza kuua wanane katika kila kumi, na mara nyingine huua wote. Mfugaji aliyelala na kuku kumi na watano huamka na wanane, na baada ya siku chache hubaki na matetea mawili na manyoya uani.

Mchumi atayeangalia takwimu za ng'ombe na kahawa huenda asiuone msiba huo. Lakini kuku wa kienyeji ndiye mfuko wa fedha wa nyumba nyingi za mlimani. Ndiye auzwaye mtoto akihitaji daftari au mgonjwa akihitaji nauli ya kushuka mjini, na ndiye achinjwaye mgeni akija bila taarifa. Aghalabu ni mali ya mama na watoto. Ng'ombe akifa baba hupata hasara. Kuku wakifa mama hufilisika, na hakuna anayeandika habari zake.

Virusi vya mdondo huingia kwa njia ya utando ute. Hilo ndilo jina la ile ngozi laini, yenye unyevu daima, ifunikayo ndani ya jicho, pua, kinywa, koo, utumbo na njia za uzazi, kwa kuku na kwa binadamu vilevile. Utando huo ni lango, kwa kuwa hewa na chakula hupita hapo. Na ni ngome, kwa kuwa vijidudu pia hutaka kupita hapo hapo. Juu yake upo ute unaonasa vumbi na vijidudu na kuvisukuma nje au kuvimeza. Chini ya ute huo zipo seli za kinga zitengenezazo kingamwili. Kuku ana tezi maalumu nyuma ya jicho, iitwayo tezi ya Harder, iliyojaa seli za namna hiyo. Chanjo ya sindano huweka walinzi hasa katika damu. Chanjo iwekwayo juu ya utando ute huweka walinzi mlangoni.

Shida ni kwamba ute haumjui rafiki wala adui. Dawa iwekwayo jichoni husafishwa na machozi kwa dakika chache tu. Iwekwayo puani husukumwa nyuma na kumezwa. Imezwayo hukutana na asidi ya tumbo na vimeng'enya vinavyoikatakata kama nyama. Sehemu kubwa ya dawa hupotea kabla ya kufanya kazi, na kinachobaki hutegemea bahati. Ndipo mtu anapofikiria kuifunga dawa ndani ya kitu kitakachoilinda na kuishikiza pale inapotakiwa.

Tone katika jicho

Kabla ya kufika huko, haki yataka itajwe kwanza njia iliyokwisha kuthibitika. Katika miaka ya 1980 na 1990, kundi la Profesa Peter Spradbrow katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, lilitafuta virusi vya mdondo visivyodhuru kuku lakini vinavyoweza kustahimili joto. Walianza na aina iliyoitwa V4, kisha wakaipata ile iitwayo I-2, na mbegu yake ikatolewa bila malipo kwa nchi zilizotaka kujitengenezea chanjo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Mwaka 2000 watafiti Wambura, Kapaga na Hyera walichapisha matokeo ya majaribio ya I-2 kwa kuku wa kisasa na wa kienyeji hapa nchini. Maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, iliitia chanjo hiyo katika chupa, na jina lake la Temevac lakumbusha asili hiyo.

Matumizi yake ni rahisi. Tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hakuna sindano. Kijana aliyefundishwa asubuhi aweza kuchanja mchana. Tone likizama jichoni huteremka hadi puani na kooni, virusi hivyo hai huzaliana juu ya utando ute, na kinga hujengeka mahali penyewe pa mapambano.

Ijapokuwa I-2 hustahimili joto, haipaswi kudhaniwa kwamba haijali joto. Akiba yake bado huhifadhiwa katika jokofu, na safarini hufungwa katika kitambaa chenye unyevunyevu na kuwekwa mbali na jua. Ustahimilivu wake humpa mchanjaji nafasi ya kufika. Haumpi ruhusa ya kuisahau chupa dirishani.

Ipo na jambo dogo ambalo wengi hulipuuza. Mwongozo wa Robyn Alders na Peter Spradbrow, uliotolewa mwaka 2001, wawaonya wachanjaji wakijaribu kwanza kile kichupa cha plastiki cha kudondoshea, kwa kuwa plastiki za aina fulani huua virusi vya chanjo, na kwa kuwa matundu ya vichupa hayalingani na hivyo matone huwa makubwa au madogo. Maji ya bomba yenye klorini nayo huua. Kwa hiyo polima ya kwanza katika habari hii haikutoka katika maabara yoyote ya kisasa. Ni ile plastiki ya kichupa cha bei nafuu mkononi mwa mchanjaji, na imekuwa ikiamua ni kuku wangapi watakaopona tangu siku ya kwanza.

Pamoja na uzuri wake, njia ya tone ina taabu zake. Kwanza, kila kuku lazima akamatwe. Tambarare ya Kilosa jambo hilo ni mchezo wa watoto. Katika mteremko wa Bunduki, kuku akikimbilia bondeni mchanjaji hana hamu ya kumfuata. Hapana budi kazi ifanywe alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, na mchanjaji mmoja hawezi kuwa katika vilima vinne alfajiri moja. Pili, chupa moja ina dozi mamia, na nyumba moja ina kuku kumi au ishirini. Chupa ikichanganywa haiwezi kukaa. Ama majirani wapatane siku moja, ama dawa imwagwe.

Kwa sababu hizo, tangu zamani watu wamewaza kuitia chanjo katika chakula. Huko Malaysia, katika miaka ya 1980, aina ya V4 ilitiwa katika chakula cha kuku na kuleta matumaini makubwa. Barani Afrika matumaini hayo yalififia. Kuku mwenye nguvu hula sana, mnyonge hula kidogo. Nafaka nyingine zina vitu vinavyodhoofisha virusi. Firigisi husaga, na asidi humalizia. Majaribio ya nchi mbalimbali yalionyesha mara kwa mara kwamba tone la jicho hulinda vizuri zaidi kuliko punje ya nafaka. Swali likabaki: je, kilichoshindwa ni chakula chenyewe, au ni namna chanjo ilivyofungwa juu ya chakula hicho?

Chembe zibebazo

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, mfano wa shanga katika uzi. Wanga wa muhogo ni polima. Pamba ni polima, na katani ya Kilosa ni polima. Plastiki ya ndoo pia ni polima, ila hiyo imetengenezwa na mwanadamu na haiozi. Mtaalamu aweza kuifanya polima iwe vijiduara vidogo sana, vyenye kipenyo cha sehemu chache za elfu za milimita, na ndani ya vijiduara hivyo akafungia dawa. Polima ikiyeyuka au ikimumunywa na maji ya mwili, dawa hutoka. Ikiyeyuka upesi, dawa hutoka upesi. Ikichelewa, dawa huchelewa. Mtengenezaji ndiye aamuaye.

Mwaka 1976 Robert Langer na Judah Folkman, wakifanya kazi Boston, Marekani, walichapisha ushahidi kwamba polima zaweza kuachia polepole hata molekuli kubwa kama protini, jambo ambalo wakubwa wengi wa taaluma hiyo walilidhania haliwezekani. Polima zitokanazo na asidi ya maziwa zilikuwa zimekwisha kutumiwa na madaktari wa upasuaji kama nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe. Zikageuzwa kuwa chembe za dawa, na mwaka 1989 Marekani iliidhinisha sindano ya aina hiyo ya saratani ya tezi dume, ambayo mgonjwa huchomwa mara moja kwa mwezi badala ya kila siku.

Utando ute ulihitaji ubunifu mwingine, yaani chembe yenye kunata. Kitosani, polima ipatikanayo kwa kusafisha maganda ya kamba na kaa, ina chaji chanya, na ute una chaji hasi, hivyo hushikana. Katika utumbo mna seli maalumu za lango ambazo humeza chembe zisizozidi takriban sehemu kumi za elfu ya milimita na kuzikabidhi kwa walinzi wa kinga. Chembe kubwa kuliko hapo hupita zake.

Wala si kuku peke yao wanaohusika. Pete ya dapivirine, iliyotengenezwa kwa polima ya silikoni ili kuwakinga wanawake na virusi vya UKIMWI, huachia dawa yake juu ya utando ute wa uke kwa muda wa mwezi mmoja. Ilijaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwamo, ikapunguza maambukizo kwa karibu theluthi moja, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza iwe miongoni mwa njia za kinga. Theluthi moja si nyingi. Hata hivyo majaribio hayo yalifundisha jambo ambalo maabara isingeweza kulifundisha: waliopata kinga zaidi ni wale walioivaa mfululizo, na kuivaa mfululizo hutegemea maisha ya mwanamke nyumbani kwake, siyo kemia ya silikoni.

Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa hata na watu wenye elimu. Dawa kama dapivirine, au chanjo ya vijidudu vilivyouawa, hufaidika kwa kutolewa kidogo kidogo, kwa kuwa haiwezi kujiongeza mwilini. Chanjo ya virusi hai kama I-2 haina haja hiyo. Virusi vichache vikifika salama juu ya utando ute vitazaliana vyenyewe. Kinachotakiwa kwao ni kulindwa safarini tu: dhidi ya joto, dhidi ya nafaka, dhidi ya firigisi. Tena zile polima maarufu za asidi ya maziwa hutengenezewa chembe kwa kutumia viyeyushi vikali ambavyo huviua virusi hai. Mtu anayenakili njia za Boston neno kwa neno na kuzipeleka katika banda la kuku atakuwa amefunga maiti katika sanduku zuri. Virusi hai hutaka polima zinazokubali kufanyiwa kazi katika maji, kama jelatini, ulimbo wa mgunga na zile zitokanazo na mwani.

Kazi iliyofanyika Morogoro

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1984 na kipo chini kabisa ya milima ya Uluguru, kililiona jambo hilo mapema. Mtafiti Philemon Wambura, yuleyule wa majaribio ya mwaka 2000, alichapisha mwaka 2007 matokeo ya kuku waliochanjwa kwa mchele uliopakwa mafuta pamoja na I-2. Mwaka 2009 alichapisha mengine, safari hii mchele mbichi ukiwa umepakwa jeli ya kiwango cha nano iliyotengenezwa kwa trehalosi, sukari ambayo viumbe vingine huitumia kujilinda visife vikikauka. Mwaka 2011 akaeleza vidonge vyenye chanjo hiyo hiyo iliyofungwa ndani ya chembe za nano, vikiwa vimelengwa kwa kuku wa vijijini.

Yafaa mtu atulie kidogo juu ya orodha hiyo fupi. Katika miaka ambayo neno nano lilikuwa likitajwa katika mikutano ya kimataifa kama ndoto ya viwanda vya kielektroniki, mtu mmoja chini ya Uluguru alikuwa akilitumia kumtafutia mwenye kuku kidonge. Hakuazima swali la mtu mwingine. Swali lilitoka bandani. Kidonge chaweza kuwa na dozi chache kwa kadiri ya nyumba moja, hakivunjiki kama chupa, hubebwa mfukoni. Shida ya chupa yenye dozi mamia, ambayo wataalamu wa nje waliitatua kwa kuwahimiza wanakijiji wakusanyike, yeye aliitatua kwa kubadili chombo.

Na bado chanjo ya mdondo iuzwayo madukani hadi leo huja katika chupa, na njia inayosisitizwa ni lile tone la jicho. Kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025 imewakumbuka kuku pia, na hilo ni jambo jema. Lakini kampeni hupandisha mlimani chombo kilichopo, haiundi kingine. Makala za Wambura zimo katika jarida la kigeni, kwa lugha ya kigeni, zikisomwa na wataalamu wa kigeni. Kati ya makala na duka la dawa za mifugo la Nyandira pana bonde refu, na hakuna idara wala taasisi inayolipwa kulivuka bonde hilo. Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala. Kiwanda hutaka bidhaa iliyokamilika. Katikati yao hapana mtu.

Wapo wasemao kwamba hakuna haja: tone lafanya kazi, kwa hiyo fedha ziende katika kununua chupa zaidi na kuwalipa wachanjaji. Hoja hiyo ni nzito na haifai kudharauliwa. Kwa kweli, kama ingekuwa lazima kuchagua leo kati ya mchanjaji mmoja aliyefunzwa na gramu moja ya chembe za polima, mchanjaji ndiye wa kuchaguliwa. Lakini hoja hiyo hukosea ikidhani kwamba kinachofaa Gairo na Dakawa kitafaa vilevile Kolero na Tchenzema. Wachanjaji huchoka. Wa kwanza kuachwa daima ni nyumba ya mwisho juu ya kilima, na nyumba hiyo ndiyo itakayohifadhi ugonjwa mpaka uteremke tena kwa waliochanjwa.

Upo na upande wa pili, na wataalamu wa maabara ndio wanaopaswa kuusikiliza. Mchele waweza kuwa chombo kizuri sana cha chanjo ndani ya vizimba vya chuo. Huko juu Mgeta, penye mboga, mahindi na matunda, mchele hununuliwa, na katika nyumba nyingi ni chakula cha wageni na sikukuu. Mama ataumwagia kuku? Na mtoto akiuokota? Virusi vya mdondo, hata vile vya chanjo, huweza kumletea mtu macho mekundu kwa siku chache. Si hatari kubwa, ila mama aliyeona macho ya mwanawe yamevimba hatapokea punje nyingine. Maswali hayo hayana jibu katika jedwali lolote la makala. Yanajibika kwa kukaa jikoni na kuuliza.

Milima hiyo imekwisha kutoa somo la namna hiyo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililetea Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi, ikawalazimisha wakulima wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na matuta si wazo la kipuuzi. Lakini matuta yalichimbua udongo usio na rutuba na kuuleta juu, yalikula siku za kazi za watu, na wenye mashamba hawakuulizwa. Mwaka 1955 Waluguru walikataa, pakatokea ghasia huko Matombo, na mpango ukaachwa. Wataalamu waliofika baadaye na mbegu zao na miche yao walipokewa kwa kumbukumbu hiyo, hata kama wenyewe hawakuijua.

Kuhusu malighafi, pana maneno mengi yasemwayo kwa haraka. Ni kweli kwamba nchi hii ina polima za kutosha. Zanzibar hulima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi ambayo hufanywa zaidi na wanawake, na mwani huo ndio chanzo cha karajinani, polima inayogandisha vitu na kutumika hata katika dawa. Sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa imekaushwa tu. Maganda ya kamba hutupwa. Miwa ya Kilombero na Mtibwa, zote katika Mkoa wa Morogoro, yaweza kutoa sukari ya kutengenezea asidi ya maziwa. Lakini mwani uliokaushwa ufukweni si polima ya dawa, kama vile pamba shambani si shati. Kati yake pana kazi ya usafishaji, ya upimaji wa kila mkupuo, ya kuhakikisha kwamba hamna chumvi, metali wala sumu za bakteria. Kuku husamehe uchafu mdogo ambao mgonjwa wa hospitali hawezi kuusamehe, na kwa sababu hiyo dawa ya kuku ni shule nzuri ya kuanzia. Taifa likijifunza kutengeneza karajinani safi ya kufungia chanjo ya mdondo, litakuwa limejifunza nusu ya kazi ya kufungia dawa ya binadamu.

Kinachokosekana ni jaribio moja kubwa, la polepole, lisilo na fahari. Tume ya Sayansi na Teknolojia, chuo na mamlaka za mifugo wachague vijiji vya milimani, vingine upande wa Mgeta na vingine upande wa Kinole na Matombo, ambako hali ya hewa na mazao ni tofauti. Baadhi vipewe tone la jicho kama kawaida, kwa mchanjaji aliyelipwa vizuri. Baadhi vipewe kidonge chenye dozi ishirini, kinachoyeyushwa nyumbani na kudondoshwa na mama mwenyewe. Baadhi vipewe nafaka iliyopakwa, lakini nafaka ambayo akina mama wa hapo wataichagua. Kusiwe na kijiji kitakachoachwa bila chanjo kwa ajili ya kulinganisha, kwa kuwa tone limekwisha kuthibitika na si haki kumnyima mtu. Kazi iendelee miaka mitatu, kwa kuwa mwaka mmoja huweza kupita bila mdondo na kumdanganya kila mtu.

Kingamwili zipimwe, naam. Lakini pamoja nazo zihesabiwe saa ambazo mama hutumia, fedha alizotoa, kuku waliokimbilia bondeni, vidonge vilivyobaki bila kutumika na sababu zake, na nyumba ngapi za mwisho juu ya kilima zilifikiwa. Daftari la hesabu hiyo likae kwa mchanjaji wa kijiji, liandikwe kwa Kiswahili, na nakala yake ishuke Morogoro kila baada ya miezi minne, pamoja na chupa tupu.